Habari za Gervas bin Albano na Sabufa Mbili Zisizo na Mgongo

Sogeeni, enyi wakazi wa Mtoni, enyi wa Keko na Mbagala, na hata nyie wa Msasani mlio na jenereta. Zimeni pasi, teremsheni sufuria, mpisheni aliyechelewa akae, kwa maana jambo ninalolisimulia ni zito na halitarudiwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa ametoka kununua vocha. Wengine wamekwisha kuwasimulia habari za wafalme walioteka miji na majemadari waliovuka mito mikubwa juu ya farasi. Mimi nawasimulia habari za karani mmoja wa ghala, mwenye nyayo bapa na miwani iliyofungwa kwa waya, aliyeunda sabufa mbili zisizo na boksi katika sebule ya kupanga, akapigana na ukuta, na seremala, na ghadhabu ya mama mwenye nyumba, wala hakuhamishwa.

Nawe umeme, ewe mkuu usiyetabirika, uliye juu ya nguzo zetu na mara nyingine haupo, nakusihi ukae nasi hadi mwisho wa habari hii. Ukiwa umekusudia kukatika, katika sasa hivi tujue moja. Haya, naona taa ingali inawaka, basi naanza.

Alikuwako Gervas bin Albano, mwana wa Mbinga yenye kahawa na baridi, Gervas Mwenye Kalamu Sikioni, ambaye kwa miaka kumi na minane amesimama mlangoni mwa ghala moja huko bandarini akiandika kilichoingia na kilichotoka, wala hajawahi kuandika kilichoingia mahali pa kilichotoka isipokuwa mara mbili. Mkewe alikuwa Bernadeta, bibi wa uzi na sindano ya kufumia, mwanamke ambaye nyumbani kwake hakuna kitu kilichowahi kukaa bila kitambaa: televisheni ina chake, friji ina chake, mtungi wa gesi una chake chenye marinda. Binti yao Monica alikuwa shule ya bweni, na kwa hiyo hahusiki na umwagaji wa damu unaofuata, ambao hata hivyo haukuwa na damu.

Waliishi chumba na sebule katika nyumba ya Bi Salma, mjane wa marehemu Jamali. Na hapa, enyi wasikilizaji, nawaomba muishike ramani hii vichwani, maana vita vyote huamuliwa na ardhi. Ukuta wa kushoto wa sebule ya Gervas ndio huohuo ukuta wa chumba cha kulala cha Bi Salma. Ni ukuta wa tofali za inchi tano, uliojengwa enzi ambazo saruji ilikuwa ikitafutwa kwa tochi, na upande wa pili wake, likiuegemea kabisa, lilisimama kabati la vyombo vya harusi vya Bi Salma. Nyuma ya sebule kulikuwa na ua, na uani kulikuwa na bafu la wapangaji wote.

Sasa, karani anatafuta nini kwenye sabufa? Wengi waliuliza, nao walijibiwa kwa kunyanyuliwa mabega. Ukweli ni huu. Mwaka mmoja kabla Mzee Albano hajafariki, padre mmoja alirekodi kwaya ya kigango chao, kanisa dogo la kijijini, ikiimba wimbo wa kupeleka vipaji altareni. Kanda ile baadaye ikahamishiwa kwenye flashi, na flashi ikafika kwa Gervas ndani ya bahasha, imefungwa kwa leso. Ndiyo sauti pekee ya Mzee Albano iliyobaki duniani. Naye Mzee Albano alikuwa besi, tena besi ya chini kabisa, ile inayokaa mstari wa nyuma na kuimba neno moja wakati wengine wanapanda milima. Katika redio ya Gervas na katika simu yake zilisikika sauti za kina mama zikipaa, na wanaume wembamba wa koo wakiwafuata, lakini pale baba yake aliposimama palikuwa patupu. Miaka sita Gervas aliusikiliza wimbo ule na hakumsikia baba yake hata mara moja. Jambo hilo lilimuuma sana, na hapo hapana utani.

Basi alianza vita kama wanavyoanza wasiojua vita, kwa kwenda dukani. Akarudi na sabufa ya kununua, boksi jeusi lenye taa za rangi zinazokimbizana, akaliweka sakafuni alasiri moja, akachomeka flashi. Lo, nchi ikatikisika. Mdundo ukatoka ndani ya boksi lile mzito kama matope ya Mbagala siku ya masika, ukawazamisha wanakwaya wote bila kubagua, ukaingia ukutani, ukatokea upande wa pili, ukalishika kabati la Bi Salma kwa kola. Sahani zikaanza kusemezana. Kikombe kimoja cha chai kilitembea polepole hadi ukingoni, kikasimama kidogo kutafakari, kikajitupa.

Bi Salma aliingia sebuleni akiwa amebeba vigae katika upindo wa kanga. Gervas alimwamkia, naye aliitikia marahaba, kwa kuwa adabu ni adabu hata siku ya maangamizi. Kisha akanena.

"Baba Monica, wewe kaa, mie nasimama. Nyumba hii aliijenga marehemu Jamali kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, na kikombe hiki alikinywea chai asubuhi aliyotoka asirudi. Sikukatazi muziki, maana kila mtu na starehe zake. Lakini nakwambia mbele ya mkeo awe shahidi: ukuta wangu ukitetemeka mara ya pili, muziki utahama, na wewe ndiye utakayeubeba."

Alipokwisha kunena alitoka, na Gervas akabaki akiutazama ukuta. Boksi lile jeusi alimwachia mtu mmoja pale kazini mwenye nyumba ya peke yake. Kwa siku tatu Bernadeta alimpakulia samaki na kwa siku tatu alikula kichwa tu.

Siku ya nne, wakati wa mapumziko pale ghalani, akiwa ameketi juu ya magunia akipekua simu, alimwona mzee mmoja wa Kizungu mwenye sweta, wa nchi ya baridi, akionyesha spika zisizo na boksi kabisa, ubao mtupu wenye tundu, na spika imepachikwa humo ikiwa wazi mbele na wazi nyuma. Gervas hakuelewa maneno mengi ya mzee yule, lakini alielewa mikono yake. Aliirudia video ile mara saba hadi bando likaisha. Jioni alifika nyumbani akatembea huku na huko sebuleni, hatua nne kwenda na hatua nne kurudi, kwa kuwa sebule ilikuwa na hatua nne tu, kisha akamhutubia mkewe.

"Bernadeta, mwenzangu wa shida na raha, leo nimefunuliwa. Spika inapumua pande mbili. Ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta; ikivuta mbele, nyuma inasukuma. Dunia nzima imeifungia ile pumzi ya nyuma ndani ya boksi, ndiyo maana inakasirika na kubomoa nyumba za watu. Mie nitaiachia. Pumzi mbili zitatoka, moja huku na moja kule, zitazunguka, na zitakutana hapa ubavuni, palepale kwenye ukuta wa Bi Salma. Na zikikutana, hii inasukuma na ile inavuta, basi zinamalizana zenyewe. Mbele muziki, nyuma muziki, ubavuni amani."

Bernadeta alimaliza kuhesabu vitanzi vya mstari wake, kwa sababu ukivipoteza hapo umepotea. Ndipo alipouliza nyuma ya sabufa hizo kutaelekea wapi. Gervas akasema uani. Bernadeta akamkumbusha kwamba uani ndiko liliko bafu, na Gervas hakujibu, kwa kuwa mashujaa hawana wajibu wa kujibu kila kitu.

"Na nyuma kunabaki wazi hivyohivyo?" akauliza tena.

"Wazi."

"Wageni watadhani hatukumaliza."

Likumbukeni neno hilo, enyi wasikilizaji, maana ndilo lililokaribia kumwangamiza.

Sasa sikilizeni habari za silaha. Kutoka kwa muuza vitu vilivyotumika huko Kariakoo, Gervas alijipatia spika mbili za inchi kumi na tano, mashujaa wa zamani waliotumikia ukumbi wa harusi hadi wakastaafishwa, mmoja akiwa na kovu la gundi kuzunguka mdomo wake. Alizibeba ndani ya mfuko wa salfeti, na majirani walipoona miduara ile miwili wakadhani ni masufuria ya pilau, wakaanza kumheshimu. Amplifaya aliiazima kanisani kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya Pasaka, bila kutaja Pasaka ipi.

Lakini ngome yenyewe ilihitaji seremala, na seremala alikuwa mmoja tu. Kando ya Barabara ya Kilwa, chini ya mabati manne, alitawala Tusajigwe, mwana wa Tukuyu, bwana wa randa na tindo, ambaye vitanda vyake havilii na majeneza yake hayajawahi kulalamikiwa. Kila kazi iliyotoka mikononi mwake aliitia muhuri kwa kuchoma jina lake juu ya mbao kwa chuma cha moto. Gervas alimchorea mchoro nyuma ya hati ya kupokelea mizigo: ubao mnene uliosimama wenye tundu la duara, mabawa mawili kulia na kushoto, sakafu na paa, na nyuma hakuna kitu.

Tusajigwe aliugeuza mchoro juu chini, akaugeuza tena. Akasema kwa upole kwamba Gervas amesahau nyuma. Gervas akasema hajasahau. Tusajigwe akasema panya wataingia, na Gervas akasema waingie. Tusajigwe akasema vumbi, na Gervas akasema vumbi nalo liingie likitaka. Basi seremala yule akaikunja karatasi, akaichomeka juu ya sikio karibu na penseli, akatamka neno ambalo limevunja majeshi makubwa kuliko jeshi la Gervas. Akasema, "Njoo kesho, kaka."

Akaenda kesho, na kesho ilikuwa gundi haijakauka. Akaenda kesho ya pili, na seremala alikuwa msibani, tena msiba alioutengenezea jeneza mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na la kusema. Kesho ya tatu mbao zilikuwa njiani. Kesho ya nne njia ilikuwa imefungwa. Siku tisa Gervas aliizingira karakana ile kila jioni akitoka kazini, na siku tisa alirudi na vumbi la mbao kwenye miwani, akiwa amekalishwa, amenyweshwa chai na kuulizwa habari za nyumbani. Hakuna ngome ngumu kama ile inayokukaribisha.

Siku ya kumi, Jumamosi, Gervas akiwa bado ghalani, sabufa zilisafiri. Tusajigwe mwenyewe alizipakia kwenye guta, akatembea nyuma yake akizishika kwa mikono miwili. Bernadeta alizipokea mlangoni. Spika zilikuwa zimekwisha kupachikwa, nyaya zimetolewa kwa chini, vanishi inang'aa hadi unaona meno yako. Waliziweka palepale Gervas alipochora kwa chaki sakafuni.

Na sasa lazima niseme lililotendeka, ingawa kalamu inasita. Huku kwetu fundi mwenye heshima zake, mteja akikosea mchoro, hamwaibishi. Anamrekebishia kimyakimya, halafu anamwacha aone mwenyewe ashukuru. Tusajigwe alikuwa amezitazama kazi zake mbili zikiwa zimesimama karakanani, nzuri mbele, tupu nyuma, akajiona kama mtu anayemtuma mwanawe shuleni bila suruali. Hakulala. Asubuhi alikata plaiwudi, akaipaka gundi, akaizibia migongo yote miwili kwa skurubu ishirini kila mmoja, akapiga vanishi, akachoma jina lake katikati, na hakutoza kitu.

Naye Bernadeta, ambaye kwa siku tisa alikuwa ameumia moyo akiwaza utupu wa nyuma, alikuwa amefuma vitambaa viwili vyeupe vya maua, virefu, akavitandika juu ya sabufa vikaning'inia nyuma hadi sakafuni. Alipoona fundi amekwisha kuziba alifurahi zaidi, akanyamaza ili mumewe naye apate furaha ya kugundua. Hivyo wema wa mtu mmoja ukavishwa wema wa mtu mwingine, na mtego ukakamilika.

Gervas aliingia alasiri. Aliziona zinang'aa. Hakuzunguka nyuma, nani azunguke nyuma ya harusi yake mwenyewe? Aliunga nyaya kwenye amplifaya, akachomeka flashi, akafanya ishara ya msalaba, akawasha.

Ukuta wa Bi Salma uliruka. Sahani za harusi ziliimba kuliko kwaya. Dirishani kioo kilijibu, na mjusi aliyekuwa amekaa ukutani kwa amani tangu Krismasi alidondoka akaondoka bila kuangalia nyuma. Gervas alizima kabla hata kina mama hawajafika ubeti wa pili, lakini dhambi huhesabiwa kwa kuanza.

Bi Salma aliingia taratibu, na hicho ndicho kilichotisha. Mkononi alishika kikombe cha pili, ndugu wa kile kikombe marehemu.

"Mie si mtu wa kukurupuka," alisema. "Kesho nikishaswali adhuhuri nitakijaza kikombe hiki maji, nitakiweka ukingoni mwa kabati, nami nitakaa kitandani nikitazame. Washa hilo dude lako unavyotaka. Tone moja likimwagika, Jumatatu utafute guta la kuhamia."

Alipoondoka, Gervas alikwenda nyuma ya sabufa ya kwanza akainua kitambaa. Akauona mgongo. Akaenda kwenye ya pili akainua, akauona na wa pili, na katikati ya kila mmoja, kwa herufi nyeusi zilizochomwa kwa ustadi, jina TUSAJIGWE. Alikaa sakafuni. Bernadeta alimuuliza kama amependa, na alipoona uso wake alikaa naye.

Basi jua likiwa linaelekea Magomeni, Gervas bin Albano aliivuka Barabara ya Kilwa kwa hatua za mtu aliyekata shauri, akasimama chini ya mabati manne, akanena: "Fundi, nilikuomba kitu kisicho na mgongo, ukanipa mgongo. Najua uliutoa kwa moyo mweupe. Lakini ndani ya mgongo huo umemfungia baba yangu, na keshokutwa nafukuzwa nyumba."

Tusajigwe aliiweka randa chini. Alikuwa mtu wa maneno machache na fahari nyingi, na maneno yale yalimgonga pabaya.

"Kaka Gervas," alisema, "mie nimewatengenezea watu wa huku vitanda vya kuolewa na majeneza ya kuzikwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimemaliza kazi kupita kiasi. Ukitaka nibomoe nitabomoa, maana kazi yangu habomoi mtu mwingine. Ila jina langu liko mgongoni. Mgongo ukitoka, natoka nao, na watu wakikuuliza nani kafanya hicho kituko, mie hunijui."

Walipatana kwa masharti hayo. Jumapili asubuhi, watu wakitoka misa, seremala aliingia sebuleni kwa Gervas na bisibisi kiunoni, akapiga goti nyuma ya kazi yake mwenyewe. Skurubu za kwanza zilijisalimisha haraka. Za katikati zilisimama imara kama askari wasiolipwa lakini waaminifu. Halafu ikaja gundi, na gundi ya Tusajigwe haijui kurudi nyuma. Tindo liliingia, plaiwudi ikalia, Gervas akauvuta mgongo upande mmoja na Bernadeta upande wa pili, wakarudi nyuma wote wakaangukia kochi, na mgongo wa kwanza ukiwa juu yao. Mwandishi wa habari hizi alitunga beti kumi na mbili juu ya pambano hilo. Nitawahurumia kwa ubeti mmoja:

Skurubu arobaini
zikaangukia chini,
akashangaa jirani,
sabufa ikapumua.

Tusajigwe aliikusanya migongo yake miwili, akaitia kwapani, jina likiwa limeelekea ndani ili wa barabarani wasilione, akaenda zake bila kunywa chai. Hilo la chai ndilo lililomuuma Gervas.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Ng'ambo ya ukuta zilisikika kandambili za Bi Salma, maji yakimiminwa, kitanda kikilalamika. Kikombe kilikuwa ukingoni. Gervas aliketi kwenye kochi mbele ya sabufa zake, mikono ikiwa magotini, na Bernadeta alisimama karibu na swichi, kwani aliamini wanawake wana mkono mwepesi wa kuzima. Wakatazamana, Bernadeta akawasha.

Kina mama walipaa. Wanaume wembamba wa koo wakawafuata. Na chini yao, polepole, kutoka mahali ambapo kwa miaka sita palikuwa patupu, ikasimama sauti ya mtu mzima, pana, isiyo na haraka, ikisema neno lake moja, *twaja*, na tena, *twaja*, wenzake wakipanda mlima na kushuka, yeye akiwa palepale mlangoni na vipaji vyake, *twaja*. Gervas alivua miwani. Alimjua hata kabla ya neno la pili, alijua na shati alilokuwa amevaa. Alilia bila kujificha, na Bernadeta akasahau swichi akaja kumshika bega. Huko uani mpangaji mmoja aliyekuwa bafuni na sabuni machoni aliambiwa *twaja* na ukuta wa nyuma, akajibu kwamba kuna mtu.

Na ng'ambo ya ukuta wa kushoto? Bi Salma aliketi akikodolea kikombe. Maji yalikuwa yametulia tuli, unaweza kujitazamia nyusi. Alisubiri. Alikohoa. Alibandika sikio ukutani, akasikia kwa mbali wanawake wakiimba kama redio ya jirani wa tatu, basi. Akaona kwamba anachezewa, kwamba mtu yule amewasha kijiredio chake ili kumpumbaza mwanamke mzima. Akajifunga kanga, akatoka, akaingia sebuleni bila hodi wimbo ukiwa ubeti wa mwisho, akasimama ubavuni mwa sabufa.

"Hujawasha," alisema.

Gervas aliashiria kwa mkono kwamba asogee mbele. Bi Salma alipiga hatua tatu za shari, na katika hatua ya tatu akaingia katikati ya sauti ile, akasimama. Alitazama sabufa. Alirudi ubavuni, ikapotea. Akaja mbele, ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, akiwa ameshika kanga kwa heshima, na wimbo ukaisha.

Baada ya wimbo huwa kuna ukimya wa sekunde chache kabla padre hajazima kinasa sauti chake. Gervas aliujua ukimya huo kwa miaka sita, na hakuwahi kushuku kwamba si ukimya. Sasa, ndani yake, karibu kabisa, sauti ileile ya chini ilisafisha koo na kusema, kama mtu anayemnong'oneza jirani yake na hawezi kunong'ona, "Padre, tumemaliza? Maana mie njaa inaniuma."

Ndivyo alivyozungumza mzee wa ukoo na wanawe kutoka ng'ambo ya kaburi, baada ya miaka sita na siku tisa za seremala, na hilo ndilo alilokuwa nalo la kusema.

Bi Salma ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kidogo, kisha kikamshinda, akaketi kwenye kochi bila kukaribishwa. "Huyo nani?" akauliza.

"Baba yangu," Gervas akasema, akicheka na machozi yake yakiwa bado usoni. "Alifariki. Mwaka wa sita huu."

"Rudisha nisikie tena."

Wakarudisha, na Mzee Albano akasikia njaa mara ya pili, na mara ya tatu. Bi Salma alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alisimulia kwamba Jamali wake, Mungu amrehemu, kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kuingia nyumba ile kwa salamu. Alikuwa akianza kuulizia chakula tangu koridoni, kwa sauti ya chini hivihivi, na yeye alikuwa akimjibu kutoka chumbani kwa hasira. Tangu afe, alisema, hakuna anayeuliza chakula upande ule wa ukuta. Kisha akasimama, akapima sabufa kwa macho kama mtu anayepima kitambaa.

"Huko ubavuni hazisikiki?"

"Hazisikiki, Bi Salma. Ndivyo nilivyoziunda, nisikuudhi."

"Basi zungusha."

Gervas alidhani hakusikia. Alieleza kwa adabu kwamba akizizungusha, midomo ya sabufa itaelekea ukutani kwake, na ukuta utatetemeka, na kabati, na kikombe.

"Kikombe nitakishika mwenyewe," akasema Bi Salma.

Hivyo ndivyo ulivyofanyika Mzunguko wa Robo, na wa Mtoni huhesabu nyakati kwa huo, wakisema jambo fulani lilikuwa kabla ya kuzungusha au baada yake. Sabufa zilizoundwa kwa jasho zisiuguse ukuta wa Bi Salma zimeelekezwa sawasawa katikati ya ukuta wa Bi Salma. Kochi limehamishwa likaegemea ukuta huohuo, na wageni hukaa hapo wakiipa televisheni sikio, wakisifu vitambaa, ambavyo siku hizi ni vifupi na haviendi nyuma. Mpangaji wa bafuni anaoga kwa amani. Tusajigwe alipopata habari kwamba watu wanatoka hadi Mbagala kuja kutazama kituko kile, alirudi jioni moja na chuma chake cha moto, akasema jina linaweza kukaa hata kwenye bawa, akalichoma mara mbili, kisha akanywa chai, vikombe viwili.

Enyi wasikilizaji, andikeni. Wako waliojenga minara ikaanguka, na wako walioteka miji wakanyang'anywa. Gervas bin Albano alitaka kumsikia baba yake, na alimsikia, na kodi yake haijapanda. Kila Jumapili baada ya adhuhuri, umeme ukiwepo, kwaya ya kigango huimba hadi mwisho, kisha huja ule ukimya usio ukimya, mzee akasafisha koo na kusema njaa inamuuma. Hapo Gervas hutega sikio, maana kutoka ng'ambo ya tofali za inchi tano, kwa hasira kidogo, Bi Salma hujibu: "Kipo mezani. Nawa mikono kwanza."